Tumeombwa kuchoma majani mapema mpakani mwa hifadhi: waliofanya kazi hii, nisaidieni

NyukiKaruma

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Naandika kutoka Karuma, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, kijiji kinachopakana na hifadhi ya Murchison. Kwetu watu ni mchanganyiko: Waacholi, Walango, watu wa West Nile, familia za Kikenya zilizohamia zamani. Ndiyo maana mikutano yetu huendeshwa kwa Kiswahili. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, na mizinga yetu mingi tumeitundika kwenye miti ya mpakani.

Juzi afande wa hifadhi anayeshughulikia mahusiano ya jamii alikuja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Akasema mwaka huu tusingoje moto wa Februari utukute tukikimbizana nao na matawi mabichi. Anataka wanakijiji na askari wachome pamoja mapema, mwezi wa kumi na mbili, kipande kwa kipande. Kila kijiji kitoe kikosi.

Mkutano uligawanyika vibaya. Wazee wawili walisimama wakasema moto ni moto, ukishauwasha huna mamlaka nao tena. Wakataji wa nyasi za kuezekea, wengi wao akina mama, walisema nyasi hukomaa wakati huohuo: mkichoma Desemba sisi tutauza nini? Vijana nao walikumbusha kwamba kuna sheria ya mwaka 1974 inayokataza kuchoma majani. Leo tunaitwa tuchome, kesho mtu akikamatwa na kiberiti mkononi atamwambia nini hakimu?

Mimi wasiwasi wangu ni nyuki. Moto wa kiangazi kilichopita ulipita usiku kwenye mizinga yetu, nta ikayeyuka na kudondoka huku inawaka. Sitaki kuona vile tena. Lakini pia sitaki tukatae jambo jema kwa sababu ya woga.

Aliyewahi kufanya kazi hii atuambie: inafanywaje, saa ngapi, na hawa watu wote watakubaliana vipi?

---

AfandeMstaafu_Arua

Katibu, salaam. Nimevaa sare ya hifadhi maisha yangu yote ya kazi, kwanza Murchison, baadaye Kidepo. Sasa niko nyumbani Arua nalima mihogo. Kazi hii nimeiona ikifanywa vizuri, na nimeiona ikifanywa kwa pupa, kwa hiyo nitaandika kirefu. Nivumilie.

Wazee wako waheshimu, lakini waulize jambo moja: ni kiangazi gani wanachokikumbuka ambacho majani hayakuungua? Mvua zikikatika Novemba zinaacha nyasi zilizompita mtu kimo, na kufikia Februari zimekauka mpaka shinani. Wakati huo radi hakuna, hivyo karibu kila moto una mkono wa mtu. Ni mchungaji anayetafuta machipukizi, mrina asali aliyeacha kijinga cha moto chini ya mti, watoto wanaowinda panya, mkulima anayesafisha shamba, jangili anayetaka kuona mbali. Tena upepo wetu wa kiangazi hutoka kaskazini mashariki. Vijiji vilivyo upande huo wa hifadhi, moto ukiwaponyoka, upepo unauingiza ndani moja kwa moja. Murchison ina kilomita za mraba zipatazo 3,840. Hakuna mkuu wa hifadhi mwenye askari wa kutosha kuusubiri moto kila kona. Watu wanaoweza kuamua moto uanze lini ni ninyi mnaolala pale.

Moto wa Desemba na ule wa Februari usivihesabu kuwa kitu kimoja. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi zina unjano juu na ukijani chini. Moto wake ni mfupi, unatambaa, unaruka sehemu zenye unyevu na kuacha mabaka. Panya, kobe, ndege wenye viota ardhini na watoto wa taya (wale swala wadogo) waliofichwa kwenye nyasi wote wanapata pa kukimbilia. Moto wa Februari unameza kila kitu, unapanda kwenye matawi, unaua miche yote iliyojaribu kuota. Utafiti uliochapishwa mwaka 1961 ulieleza jinsi miti ya Murchison ilivyokuwa ikiisha: tembo wanabandua magome na kuangusha, moto mkali unamalizia kilichobaki na kuzuia mche mpya usisimame. Miaka ya 1970 na 1980 tembo waliuawa kwa wingi mno, na miti ikarudi sehemu nyingi. Tembo hatutaki kuwapunguza tena. Cha kupunguza ni ukali wa moto.

Sasa kazi yenyewe. Siku ikikaribia, kamata nyasi chache uzikunje. Zikikatika zote kwa mlio mkavu, umechelewa. Zikipinda bila kukatika, ngoja kidogo. Mnataka juu zikatike na chini zipinde. Msitegemee kalenda ya ukutani peke yake, maana mvua inaweza kuchelewa kukatika, na bonde halikauki pamoja na kilima.

Washeni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Joto linashuka, upepo unatulia, na usiku umande unakuja kuuzima kwa niaba yenu. Anayewasha saa nne asubuhi ana mchana mzima wa upepo mbele yake, na mimi kikosi cha namna hiyo ningekirudisha nyumbani.

Kabla ya kiberiti kuna jembe. Limeni mistari miwili inayokwenda sambamba, kisha mchome ukanda ulio katikati wakati nyasi za nje bado mbichi. Hiyo ndiyo kinga yenu ya kwanza. Pale kwenye kinga mchome kwa kuukabili upepo, moto urudi nyuma polepole. Wengi wakishajifunza hivyo wanataka kuchoma eneo zima kwa kuukabili upepo kwa sababu unaonekana mpole. Msifanye hivyo. Moto unaorudi nyuma hukaa muda mrefu juu ya shina la nyasi na kuliumiza, nyasi zinachelewa kuchipua. Kingo zikishakuwa salama, ndani acheni moto uende na upepo mwepesi wa jioni, upite haraka.

Kuna jambo ambalo watu wa mipango husahau na wakulima hawasahau. Pakiungua, baada ya muda mfupi panachipua, na nyati, kongoni na kobu wanayafuata machipukizi. Mkichoma eneo pana kandokando ya mihogo yenu, mmewaita nyati mezani. Mpakani iwe kinga nyembamba tu. Vipande vikubwa vichomwe mbali ndani, ili malisho mabichi yawe huko na wanyama wabaki huko. Hili mlisisitize kwenye mkutano na afande, hata kama itamaanisha askari watembee zaidi.

Nyuki: fyekeni chini ya kila mti wenye mzinga, upana wa hatua kadhaa pande zote, na majani mliyofyeka myatoe, msiyaache yamerundikana chini ya mti. Mizinga iandikwe kwenye ramani ya kikosi. Moto wa mapema ukipita umbali huo kwa kimo cha goti, mizinga inapata moshi tu. Na kikosi kiwajulishe siku moja kabla ili msiwe mnarina jioni ile.

Vijana wenu wana haki ya kuogopa. Msichome hata kipande kimoja bila karatasi. Iandikwe eneo, siku, majina ya kikosi na sahihi ya mkuu wa eneo la hifadhi, na nakala zifike kwa LC1, gombolola (kata) na polisi. Kiongozi atembee nayo. Ndani ya mpaka wa hifadhi, askari mwenye sare awepo pale moto unapowashwa, asiwe kambini akisubiri simu. Kuwasha moto ndani ya hifadhi bila idhini ni kosa, na neno la mdomo la afande halitamsaidia kijana wako mbele ya hakimu.

---

MamaPurongo

Afande, asante sana. Nataka kusema kuhusu upande wa akina mama, maana mara nyingi wanaume wakikaa kupanga moto wanahesabu wanyama na mashamba, basi.

Mimi niko Nwoya, ng'ambo ya Nile. Kwetu mti mkubwa ni yaa, ule unaotoa mafuta ya shea. Huchanua katikati ya kiangazi, ukiwa karibu hauna majani. Moto mkali wa Januari au Februari ukipita chini yake, maua yanaungua na mvua zikija hatuna cha kuokota. Ada ya shule ya watoto wengi hapa inatoka kwenye kokwa hizo. Basi ukiniuliza kwa nini nauunga mkono moto wa mapema, sitakuanzia na tembo. Nataka majani ya chini yawe yameshapungua kabla ya maua kufunguka, ili hata mtu asiye na adabu akiwasha Februari moto usipate chakula chini ya miti yangu.

Katibu, nyuki wako pia wanakula maua hayo. Waambie watu wako.

Kuhusu nyasi za kuezekea: usiwaambie akina mama wasubiri mwakani. Kwanza waende wenyewe waonyeshe sehemu zenye nyasi nzuri, ndefu na nyoofu, ziwekwe alama. Sehemu hizo zinazungushiwa kinga na kuachwa. Zinakatwa zikikomaa, na makapi yanayobaki yanachomwa mwisho. Kama ziko ndani ya hifadhi, kikundi kiombe makubaliano ya kuvuna, yaandikwe siku za kuingia na kutoka. Makubaliano ya kuvuna kuni, nyasi na nguzo yapo katika hifadhi za Uganda, siyo jambo geni. Mama aliye na mafungu yake ya nyasi ndani ya kinga ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele akiona moshi mahali pasipopangwa. Huyo ni mlinzi ambaye hamkumlipa.

Na wazee wako wanaosema moto hauna mwenyewe, wakumbushe. Waacholi tulikuwa na arum, msako wa pamoja wa kiangazi ambapo majani yalichomwa. Eneo lilikuwa na mwenye nalo, na hakuna aliyethubutu kuwasha kabla yake hajatoa ruhusa. Vita vilitupeleka kambini miaka mingi, vijana wakakua bila kuliona hilo. Tuliporudi kila mtu akawa na kiberiti chake. Mimi naona kamati hii ni nafasi ya kumrudisha mwenye ruhusa.

---

Mchungaji_Kiruhura

Nachangia kidogo kutoka kusini, karibu na Ziwa Mburo. Nilijifunza Kiswahili jeshini, mnisamehe nikikosea.

Wanaosema tuache kabisa kuchoma waje waone kwetu. Moto ulipungua, na ile migunga mifupi yenye miiba ikajaa mpaka mahali pengi ng'ombe hapiti, na pundamilia na pala wanatoka nje ya hifadhi kutafuta uwazi kwenye mashamba ya watu. Mche wa mgunga ukikaa miaka michache bila kuguswa na moto unakuwa mti, na hapo moto wa mapema hauwezi kuuangusha tena. Kwa hiyo hata huo moto mpole una mipaka yake. Mahali vichaka vimeshafunga, moto wa Desemba utapita chini bila kuviumiza, na hapo inabidi panga, au moto wenye nguvu uliopangwa na wataalamu. Msichukue mpango wa kijiji kingine mkaubandika kwenu. Kila eneo liangaliwe linahitaji nini: miti irudi, au vichaka vipungue.

---

AfandeMstaafu_Arua

Mchungaji umesema kweli. Nilikuwa nikifikiria Karuma, ambako shida ni moto mkali unaokula miti. Mburo ni habari nyingine.

---

MwalimuPakwach

Naongeza kitu cha kuwasaidia kupanga. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina huduma ya bure kwenye intaneti inayoitwa FIRMS. Unachora eneo lako, unaweka barua pepe, na setilaiti ikiona joto la moto unapata taarifa. Kifaa cha VIIRS kinaona kwa vipande vya mita 375, na cha zamani zaidi, MODIS, kwa kilomita 1. Wanafunzi wangu tuliwahi kufungua ramani za miaka iliyopita na wakaona wenyewe moto unavyoanzia barabarani na kwenye mashamba kisha kuingia ndani.

Lakini tahadhari moja, na hii muiandike kwenye kumbukumbu za kamati. VIIRS hupita kwetu karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto mliouwasha saa kumi na moja jioni ukazimwa na umande kabla ya hapo, setilaiti inaweza isiuone kabisa. Ukifanya kazi vizuri ramani itaonyesha kama hukufanya kazi. Kwa hiyo msikubali mtu wa ofisini aje kupima kikosi chenu kwa nukta nyekundu za Desemba. Mwambieni ahesabu nukta za Februari, zimepungua au hazikupungua. Na ninyi muwe na daftari lenu: siku, saa, upepo ulitoka wapi, nyasi zilikuwaje, nani alikuwepo, moto ulizimikia wapi.

---

NyukiKaruma

Nimesoma yote mara mbili, na jana nimeyasoma kwa sauti kwenye kikao kidogo chini ya mwembe. Mama Purongo, yale ya nyasi yamewageuza akina mama. Wameshachagua wawili wa kwenda kuonyesha sehemu zao.

Limebaki jambo la malipo, na limezua maneno. Vijana wanasema wakienda kuchoma wapewe posho ya siku. Wengine wanasema sehemu ya mapato ya hifadhi ilipe. Kuna aliyesikia kwamba Australia watu wanalipwa na makampuni kwa kuchoma mapema, na sasa nusu ya kijiji inataka hilo. Na mtu akiungua au shamba likiungua, nani anabeba mzigo?

---

AfandeMstaafu_Arua

Katibu, habari ya Australia ni kweli. Kule kaskazini, Arnhem Land magharibi, wenyeji wa asili walianza mradi huo mwaka 2006. Wanachoma mapema kwa ujuzi wa wazee wao, majani yanayoungua kwa mwaka yanapungua, na gesi inayokwenda hewani inapungua. Tofauti hiyo ndiyo inayolipiwa. Lakini eneo lao ni kubwa sana, na walianza na wataalamu wa kupima kila kitu. Msimwahidi kijana yeyote fedha hizo. Akija kwenye kikosi kwa ahadi ya namna hiyo, mwaka wa pili hatakuja, na huenda akawasha kwa hasira.

Fedha mnayoweza kuidai iko karibu. Kwa sheria, asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini hurudi kwa jamii zinazopakana nayo, kupitia serikali za mitaa. Miradi inapendekezwa kutoka chini. Andikeni vifaa vya moto kama mradi: majembe, mafyekeo, gambuti, mabomba ya mgongoni, jerikeni, na fimbo za kupigia moto zenye kipande cha mpira wa tairi mwishoni. Hivyo vinabaki kijijini, na vinafaa siku moto ukiingia kwenye nyumba ya mtu. Posho mwiombe hifadhi iwe chakula cha siku ile, na kiasi cha fedha kikitajwa kiandikwe kwenye makubaliano kabla ya kuanza, sawa kwa vijiji vyote. Nimeona vikosi vikivunjika kwa sababu kijiji kimoja kililipwa na cha jirani kikaambiwa kijitolee.

Kuhusu madhara, hapo usikubali maneno laini. Makubaliano yaseme wazi: moto uliowashwa kwa karatasi, siku iliyopangwa, askari akiwepo, ukivuka kinga na kuunguza shamba, nani analipa na ndani ya muda gani. Wakikataa kuandika, msichome. Anzeni na kulima mistari ya kinga bila kuwasha moto, na kufyeka chini ya mizinga, hayo hayahitaji ruhusa ya mtu mashambani mwenu, na mwendelee kuzungumza. Mwaka mmoja wa kuchelewa ni bora kuliko kijiji kilichoungua kikaapa kutoshirikiana tena na hifadhi.

Watu wa mstari wa mbele wawe wachache na wazima. Nguo za pamba, siyo nailoni, maana nailoni inayeyuka ikakamata ngozi. Kila mtu ajue njia ya kutokea kabla ya kuwasha, na njia iliyo salama kuliko zote ni sehemu ambayo imeshaungua, nyeusi. Watoto wasikaribie hata kama wanataka panya. Asubuhi yake kikosi kirudi kukagua magogo, kwa sababu gogo hufuka chinichini siku kadhaa na upepo wa mchana ukaliamsha.

Kama nafasi ipo, mwaka huu chagueni kipande kimoja tu, kile chenye kinga nzuri, kilicho mbali na nyumba, na mwaalike vijiji jirani waje watazame. Wale wazee wawili waliosema moto ni moto, wawekeni kwenye kamati. Wao ndio wamshike mwenzao mkono siku upepo usipofaa na kusema leo hatuwashi. Kikosi kisicho na mtu wa kusema hivyo nisingekipeleka porini.

---

NyukiKaruma

Nimemwita afande wa jamii na mwenyekiti Jumamosi. Makubaliano yatasomwa kwa Kiswahili na Kiacholi kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, na kifungu cha madhara kimewekwa cha kwanza. Mzee mmoja amekubali kuingia kamati, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayekunja nyasi. Wa pili bado anafikiria. Mwalimu, nitahitaji msaada wako na hiyo FIRMS, nitakuandikia pembeni.

---

MamaPurongo

Mwambie mzee akunje nyasi za bondeni na za mlimani pia. Na mkipanga siku, mniandikie. Nitavuka daraja na akina mama wenzangu wachache tuje tuone.